Uzito wa Harusi Zetu

Mtu akiniuliza nasomea nini Guangzhou, namjibu, "Chokaa." Halafu nangoja acheke. Wote wanacheka. Wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei ndio wanaocheka zaidi, maana wao wamekuja huku kuchukua simu, viatu na mapazia, na mimi nimevuka bahari zote hizi kuja kutazama chokaa kwenye kompyuta. Nyokabi, rafiki yangu wa Nairobi anayenunua madaftari na midoli mtaa wa Yide Lu, siku ya kwanza aliponisikia alishika meza asianguke. "Aki Hasna, chokaa? Si ungebaki tu Zanzibar upake ukuta?" Nilimnunia siku nzima. Mimi ni mwepesi wa kununa, kwetu hilo linajulikana na halimsumbui mtu.

Sasa nieleze, maana nimechoka kuchekwa. Chokaa ninayoisomea si ya kupaka. Ni ya kujengea, ile ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni, waliyojengea wazee nyumba zetu za Mji Mkongwe. Mimi naijenga upya ndani ya kompyuta. Dari nzima naigawa vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, kisha kila kipande nakihoji: wewe unabeba nini, na unamwegemea nani? Mvua ikikulowesha utakuwa na uzito gani? Boriti iliyo chini yako ikipinda, utapasuka au utavumilia? Kompyuta inakaa inahesabu, pengine kutwa, na mwisho inanichorea rangi. Penye buluu pamestarehe. Penye nyekundu panaumia, na pakiumia sana ndipo patakapokatika.

Msimamizi wangu, Profesa Liang, hacheki hata kidogo. Wazee wao huku Guangdong walichoma magamba ya chaza wakapata chokaa kama yetu. Mwaka wangu wa kwanza alinipeleka kijiji cha Xiaozhou, humu humu mjini, akanionyesha ukuta uliopangwa magamba ya chaza kutoka chini mpaka juu. Niliupapasa, nikaunusa, nikaangua kilio mbele za watu. Masikini, mzee wa watu akadhani ameniudhi, akawa ananiinamia kuomba radhi. Ningemwambia nini? Ukuta ulikuwa unanukia chumba cha mama yangu.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya juu ya nyumba yetu, mtaa wa Malindi huko Mji Mkongwe, chini ya dari ya boriti za mkoko, na juu ya dari hiyo hakuna kitu ila mbingu. Mchana wa kaskazi, jua likiwa limewaka nje mpaka mbwa wamenyamaza, ukiingia mle unapata ubaridi wa mtungi. Mama alikaa sakafuni karibu na dirisha akishona kofia, mimi nimejilaza namhesabia boriti juu, naanza, nakosea, naanza tena, mpaka usingizi unanichukua. Nilipoolewa nikatoka, nilipoachika nikarudi. Mama alipofariki, shangazi yangu Swalha, dada yake baba, alihamia kwenye kitanda chake ili nisilale peke yangu. Tukalala wote wawili. Nilipokuja China alibaki peke yake, na hajahama mpaka leo. Namaanisha, alikuwa hajahama.

Mwaka huu, kabla ya masika, kaka yangu Abdulwakil akanipigia simu. Ufa umeonekana kwenye dari ya chumba cha mama. Alikwishaongea na fundi: dari yote ishushwe, waezeke mabati, basi yaishe.

"Mabati!" nikamwambia. "Juu ya kitanda cha mama? Wewe una wazimu?"

"Wazimu wako wewe na shangazi yako. Nimemwambia ahame, hataki. Anasema hatoki mpaka Hasna aseme. Haya, wewe si msomi wa dari? Iulize hiyo kompyuta yako. Ikisema inasimama, naziba ufa na sitii neno. Ikisema haisimami, naishusha, na wewe ndiye utakayemtoa shangazi."

Tukakubaliana hivyo. Kaka yangu ana midomo lakini ahadi yake ni ahadi.

Nikamtuma anipimie. Akapima urefu wa boriti, nafasi baina ya moja na nyengine, na unene wa dari aliupima pale mlangoni mwa ngazi inayopanda juu, ambapo ukingo wake unaonekana vizuri. Shubiri moja na vidole viwili. Nikaviingiza vyote. Wallahi sikuwahi kufanya kazi kwa raha kama siku zile. Wenzangu maabara wanachora vyuma vya betri na plastiki za ndege, mimi nachora chumba cha mama. Nilikiweka mpaka kile kidirisha ambacho hakina kazi kwenye hesabu. Kompyuta ikahesabu kutoka asubuhi mpaka alasiri, na nilipofungua nikakuta dari yote buluu. Pembeni palikuwa na wekundu kidogo, palepale kwenye ufa. Nikapiga vigelegele, Mchina wa meza ya pili akaangusha kikombe.

Nikampigia shangazi. Huyu ukimpigia kwa video hajui kushika simu, siku zote anakuonyesha ama paji la uso ama dari. Siku ile alinionyesha dari.

"Shangazi, inasimama! Kaa kwa raha zako."

"Si nilimwambia Abdulwakil!" Akacheka mpaka akakohoa. "Nikamwambia, huyu mtoto nimemlea mimi, anajua anachokisema." Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Hasna ameitazama dari yetu kutoka China na imepasi. Fundi wa mabati akaambiwa arudi kwake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nikaenda zangu mtaa wa Dengfeng kula pilau kwa Kissa. Kissa ni Mnyakyusa wa Tukuyu, lakini pilau yake inaweza kukutoa machozi. Nyokabi akaingia ametota jasho, amebeba sampuli za kalamu, anamlaani muuzaji aliyemwambia "meiyou, meiyou" wakati mzigo anauona kwa macho yake nyuma ya duka.

"Ati hakuna! Na mabox ziko hapo! Nikamwambia, laoban, mwenye duka wangu, mimi si kipofu." Akajitupa kitini. "Hasna, nipe stori nzuri. Binamu yangu anaoa Disemba na familia inanitoa jasho. Kwenu harusi huwa aje?"

Ah! Mimi kuulizwa habari za harusi kwetu! Niliweka kijiko chini kabisa.

Nikamwambia, nyumba nyengine sijui, lakini nyumba yetu sisi, harusi ilianzia juu ya dari. Wiki moja kabla, chokaa inapandishwa kwa ndoo, imerowekwa shimoni miezi, laini kama samli. Inamwagwa juu ya dari na kokoto. Halafu wanawake wanapanda na vigongo vya mti, shangazi na mama wadogo, majirani, mashoga, kila mtu na kanga ya kujifunga, na wanapanga mstari. Wanapiga. Wanapiga na kuimba, hatua mbele, hatua nyuma, siku nzima, na kesho yake tena, na keshokutwa, mpaka maji yote yanatoka na chokaa inang'aa kama sahani. Zumari inalia. Bwana mmoja kila mara kwenye ngazi anapitisha kahawa na halua, haruhusiwi kutazama juu. Sisi watoto tunapewa vigongo vidogo tunapiga ovyo, tunafukuzwa, tunarudi. Bibi harusi akija, anakuja kwenye nyumba yenye sakafu mpya. Mtu wetu akiolewa, anaaga kwenye sakafu mpya. Nyumba inavaa, na yeye anavaa.

"Wee!" Nyokabi akasema. "Na hii imefanywa mara ngapi?"

"Kila harusi! Ya bibi, ya shangazi Swalha, mama alipoletwa pale, mke wa Abdulwakil nilipokuwa mtoto, na yangu. Yangu mama alipiga mwenyewe siku zote tatu, viganja vikamtoka malengelenge, akakataa kushuka. Kwa kuwa wa kike ni mimi peke yangu." Nilikuwa nacheka na machozi yananilenga. Nilikuwa nawasikia kabisa, ile du, du, du ya vigongo, na sauti ya mama juu ya sauti zote, kwa sababu mama alikuwa hajui kuimba na alikuwa hajui kwamba hajui.

"Na ile ya zamani mlikuwa mnapeleka wapi?" Nyokabi akauliza, anachambua mifupa.

"Ipi ya zamani?"

"Ile mlitoa, ndio mweke mpya."

"Hatukutoa," nikamwambia. "Nani atatoa sakafu ya harusi ya bibi yake? Tunapiga juu yake..."

Pale nikaisukuma sahani mbele. Kissa akauliza kutoka jikoni kama pilau ina mchanga.

Yarabi toba. Shubiri moja na vidole viwili, mlangoni mwa ngazi! Na mlango wa ngazi ndipo pahala pekee ambapo hatukuwahi kuongeza, kwa sababu ukiongeza, mlango haufunguki. Mimi, niliyepiga kigongo pale juu tangu nina meno ya utoto, nimekaa na kompyuta nikaipimia nyumba yangu dari ya kabla sijazaliwa. Nyumba yote tuliijua kwa harusi zake, hakuna aliyewahi kuijua kwa uzito wake.

Nikatoka nje mtaani, baina ya watu na mikokoteni ya mizigo, nikampigia Abdulwakil. Kule ilikuwa asubuhi.

"Kaka, chukua fundi, nenda juu katikati ya chumba cha mama, si pembeni, katikati. Toboa, utie nondo mpaka iguse boriti. Nionyeshe."

"Si ulisema imepasi?"

"Toboa kwanza, utanitukana baadaye."

Akanipigia baada ya saa mbili, mimi bado nazunguka mle mle mtaani. Alikuwa amechuchumaa juani, ameshika nondo kidoleni pale ilipoishia kuzama. Kutoka ncha mpaka kidole chake ilikuwa dhiraa nzima na ushei. Hakunitukana. Nyuma yake ulionekana ule mji wetu wote mweupe.

Nilirudi maabara siku ile ile nikaanza upya. Niliweka unene wa kweli, nikaweka na maji ya masika, kwa sababu chokaa iliyopigwa juu ya chokaa inanyonya maji katikati na haiyatoi upesi. Nikakaa nangoja. Rangi zilipokuja, katikati ya chumba, juu kabisa ya kitanda cha mama, palikuwa pekundu. Boriti karibu zote nyekundu.

Sasa hapa ndipo shetani alipokuja akavuta kiti. Kwenye hesabu ile kuna namba moja, nguvu ya boriti. Mkoko mpya una nguvu sana. Mkoko wa zamani, hakuna anayejua, unategemea wadudu, unyevu, umri. Mimi nilikuwa nimetia nguvu ya mkoko wa zamani. Nani angeniuliza? Boriti zetu zilikuwa ngumu kama chuma, baba alikuwa akijisifia. Nikabadilisha ile namba moja tu, nikatia ya mkoko mpya, nikaiacha kompyuta ihesabu. Ikarudi. Nyekundu imegeuka manjano, manjano ikageuka buluu. Dari imesimama! Chumba cha mama kimesimama, kitanda kipo, kidirisha kipo, mimi ningerudi likizo nikajilaza mle nikahesabu boriti kama zamani.

Nilikitazama kile chumba cha buluu muda mrefu. Nilikitaka, sikufichi. Lakini chini ya ile dari hakulali namba, analala shangazi Swalha, mguu mmoja mbovu, usingizi mzito, na analala kwa sababu mimi nimemwambia alale. Nikaifuta ile hesabu. Nikamwita Profesa Liang, nikamwonyesha ile nyekundu. Akaitazama, akauliza, "Kuna mtu ndani?" Nikasema yupo. Akaniambia, "Basi kwa nini uko hapa? Piga simu."

Nikapiga. Ikanijia dari. Ndiyo ile ile, boriti zimejipanga, na huo ufa.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Shangazi, utoke chumbani."

"Nitoke wapi?"

"Chumbani kwa mama. Leo. Sasa hivi. Nenda kwa Abdulwakil chini."

"Hebu! Wiki iliyopita inasimama, wiki hii haisimami. Hiyo kompyuta yako inakula nini?"

"Nilikosea kipimo, shangazi. Tuliisahau mizigo ya harusi. Kila sakafu iko pale pale juu, zote. Boriti zimechoka, na mvua zinakuja."

"Harusi?" Sauti ikapanda. "Harusi ndizo zitakazoniangukia? Mama yako alipiga sakafu yako siku tatu, mikono inatoka damu, unaniambia ile ndiyo itakayoniua?"

"Shangazi..."

"Mimi nimekaa kitandani kwa wifi yangu miaka yote hii namlindia mahala pake. Amekuja Abdulwakil, nimemfukuza. Amekuja fundi, nimemfukuza. Leo unanitoa wewe?"

Nilitaka kusema kompyuta ndiyo inayokutoa. Nilitaka kusema Profesa.

"Ndiyo. Nakutoa mimi. Nakuomba, shangazi, toka."

Sikuona uso wake hata kidogo. Ile dari ikatikisika, ikawa ukuta, ikawa ukanda wa kanga yake, halafu nikasikia kitanda kinalia na mguu wake mbovu unakokota. Alipofika mlangoni akasita, akasema neno polepole, si kwangu. Alikuwa anamuaga mama.

Waliishusha dari wiki ile. Abdulwakil akawa ananitumia video fupi fupi, mimi naziangalia kwenye kiti cha nje ya maabara, maana ndani nisingejiweza. Mafundi waliweka nguzo kwanza chini, kisha wakaanza kukata kutoka juu. Walipopasua katikati, sakafu zote zikaonekana pale ubavuni, moja juu ya nyengine, kama mkate wa mayai wa tabaka, baina ya kila moja pana mstari mweupe uliong'arishwa kwa kigongo. Shangazi alikuwa amepelekewa kiti uani. Kaka akamletea kipande akiguse, na shangazi akazitaja sakafu zote bila kuulizwa. Hii ya bibi yenu. Hii yangu mimi. Hii ya wifi, alipokuja na lile gauni lake la zari. Hii ya mkeo wewe. Na hii ya Hasna.

Yangu ilikuwa nene kuliko zote. Mama hakutaka iwe kama ya mtu mwengine. Ndoa yenyewe haikumaliza hata miaka miwili, na sakafu yake ilikuwa bado haina hata nyufa.

Boriti nazo zilishushwa, zikapangwa uani. Nilimwambia kaka azikague moja moja. Baadhi zilikuwa zimeliwa ndani, ukizigonga zinaitika kama ngoma. Nyingine nzima kama zilizokatwa juzi. Fundi mmoja akasema hii nyumba ilisimama kwa rehema za Mungu. Mwenziwe akasema upuuzi, ingesimama mpaka wajukuu. Wakagombana palepale, nawasikia, mpaka kaka akawafukuza wakale.

Siku ya pili shangazi akanipigia mwenyewe. Hajawahi kunipigia yeye, siku zote humtuma mtoto ampigie. Safari hii niliuona uso wake, wote, umenisogelea mpaka pua imekuwa kubwa. Nyuma yake palikuwa na chumba cha kaka chini, televisheni, makochi ya plastiki, pahala ambapo sijawahi kumwona amekaa.

"Hasna."

"Labeka, shangazi."

"Yule fundi amesema ingesimama."

"Nimemsikia."

"Sasa nakuuliza wewe. Usinifiche. Ingeanguka?"

Angeniuliza Profesa Liang, ningesema: hatuwezi kujua. Boriti nzima ni nyingi kuliko nilivyodhani. Pengine masika haya, pengine baada ya mimi na yeye kufa, pengine isianguke kabisa. Hivyo ndivyo hesabu inavyosema, na mimi nilikikataa kile chumba cha buluu kwa kuwa sikutaka kusema uongo. Nikafungua mdomo nimweleze.

"Shangazi, unajua, boriti zile nyingine..."

"Nyamaza," akasema. "Sikukuuliza boriti. Jana nimelala kwa watu. Nyumba yenu mmeifungua juu, na wifi yangu sina pa kumtafutia tena. Nimeamka nalia kama mtoto. Mimi nataka unijibu neno moja. Ingeanguka?"

Nikaisogeza simu karibu na uso.

"Ingeanguka, shangazi," nikasema. "Ingekuangukia na mvua ya kwanza."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi mama yako amenisamehe kutoka chumbani kwake." Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, tukaagana.